Faraja ya Maskani kwa Msiba Usio na Kaburi

Miongoni mwa misiba inayomfika binadamu, msiba wa mimba iliyoharibika una upweke ambao misiba mingine haina. Mtu mzima akifa, hata akiwa fukara asiye na ndugu, jina lake hutajwa, kaburi lake huchimbwa, matanga hukaliwa, na majirani hujua la kusema kwa kuwa wamekwisha kulisema mara nyingi kwa wengine. Lakini kiumbe kilichoondoka kabla wajihi wake haujaonekana hakiachi jina la kutajwa, wala nguo ya kukunjwa, wala mtu aliyekijua ila mama aliyekibeba, ambaye kwa sababu hiyo huwa mfiwa na papo hapo huwa shahidi wa pekee wa uhai uliomtoka. Ndipo huzuka swali ambalo watu wa dini na watu wa hekima hawana budi kulikabili: je, huzuni ya namna hii inayo haki ya kufarijiwa kama huzuni nyingine, na ikiwa inayo, faraja yake itafutwe wapi? Nia yangu ni kulijibu swali hilo kwa kuitazama nchi ya Mbulu na Hanang, katika mkoa wa Manyara, ambako limefikiriwa tangu kale, na kutetea neno moja: kwamba nyumba ya mtu na bustani iliyo ubavuni mwake ni makimbilio halali ya mama mwenye jitimai, yanayokubaliwa na dini na akili, maadamu amekimbilia huko kwa hiari yake na hapana aliyemfungia mlango kwa nje.

Katika nyanda za juu za Mbulu, hasa upande wa Kainam, wamekaa Wairaqw, wakulima hodari ambao kwa vizazi vingi wameirutubisha miteremko yao kwa samadi na kuuzuia udongo wake usichukuliwe na maji, hata wataalamu wakaja kutoka mbali kujifunza namna yao. Na kuuzunguka mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, wamekaa Wadatoga, wafugaji ambao tawi lao la Wabarabaig ndilo linalojulikana zaidi. Wadatoga wanajua kuomboleza kwa taadhima kuu. Afapo mzee mwenye heshima kubwa hufanyiwa bung'eed, maziko yasiyokwisha kwa siku moja bali huendelea kwa miezi, na juu ya kaburi lake hupandishwa tuta la miti na udongo, ili apitaye ajue kwamba hapo amelala mtu. Lakini kati ya mzee aliyeinuliwa tuta na kiumbe kilichoondoka tumboni bila alama yoyote juu ya ardhi upo umbali mrefu, na katika umbali huo ndimo anamosimama mama tunayemzungumzia.

Haifai kudhani kwamba wazee wa huko waliupuuza msiba wa mama huyu. Waliutambua, wakautungia sheria, na sheria yenyewe ilikuwa nzito. Wairaqw waliiita metimani na Wadatoga metida: mwanamke aliyeharibikiwa na mimba, au aliyefiwa na mtoto mchanga, alitengwa na watu kwa muda, akakaa katika mipaka ya nyumba yake, asiende kwa majirani, asihudhurie makutano, asishiriki na wengine chombo cha chakula wala cha kinywaji, mpaka muda wake utimie na taratibu za kutakaswa zimalizike. Itikadi iliyoibeba sheria hiyo ilikuwa na mantiki yake. Katika imani ya asili ya Wairaqw, Looa aliye juu ni mwema, naye hunenwa kama mama, mwenye jua na mvua. Lakini katika vijito na chemchemi wamo neetlaangw, pepo ambao watu huichelea shari yao. Penye imani ya namna hiyo, kifo kilichotokea mahali pa kuzalia uhai hakikuwa habari ya mtu mmoja, bali hatari iliyoweza kuwafikia watu na wanyama wa kijiji kizima, na kutengwa kwa mmoja kulihesabiwa kuwa ngao ya wote.

Tukiipima desturi hiyo kwa insafu tutaona kwamba ukatili na busara vilikaa ndani yake pamoja. Ukatili ulikuwa ni kumfanya aliyeumizwa awe mtu wa kuogopwa, hata mama ambaye mikono yake imekosa wa kumpakata akaiona na mikono ya wenziwe inamkwepa. Busara ilikuwa ni kukiri, kwa vitendo, kwamba jambo kubwa limetukia. Kwani desturi ile haikumwambia mama ainuke kesho yake akapige jembe na kucheka na watu kama kwamba hakuna kilichopotea, bali ilimpa muda na mpaka, ikaipatia simanzi yake mahali pa kukaa. Astrid Blystad, Ole Bjørn Rekdal na Herman Malleyeck, walioandika juu ya metida katika jarida la Africa mwaka 2007, waliiona maana ya hifadhi ndani yake pamoja na ile ya kutengwa. Siku hizi nguvu ya desturi hii imepungua sana, nalo ni jambo la kushukuru kwa upande wa ukatili wake. Walakini pamoja na ukatili umeondoka pia ule muda. Mwanamke wa leo aweza kutoka zahanati asubuhi na jioni akaonekana kisimani na ndoo kichwani, na kwa kuwa hapana sheria inayomweka nyumbani, hapana pia mtu anayekumbuka kwamba anastahili kukaa. Tumelivunja gereza, na ilikuwa haki kulivunja, lakini bado hatujampa mfiwa mahali pengine pa kuiweka huzuni yake.

Dini zilizoenea katika wilaya hizi zinasema nini? Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, imekuwa kwa watu wa Mbulu na majirani zao mahali pa kukimbilia katika hatari za uzazi. Basi yafaa ijulikane kwamba Martin Luther mwenyewe, ambaye madhehebu yale huitwa kwa jina lake, aliandika mwaka 1542 waraka mfupi wa kuwafariji wanawake ambao uzazi wao uliharibika. Humo aliwaasa watu wasiwatishe wala kuwahuzunisha akina mama hao kwa maneno makali, maana jambo lile hawakulitaka wala halikuletwa na uzembe wao. Akafundisha pia kwamba kuugua kwa moyo wa mama aaminiye, hata pasipo tamko la mdomo, ni dua kwa ajili ya mtoto wake, na Mungu huipokea. Hakuyaandika hayo kama mgeni wa kilio, kwani mwaka 1528 yeye na mkewe walimzika binti yao mchanga, Elisabeth. Kwa Wakatoliki, ambao jimbo lao la Mbulu limeenea katika wilaya hizi, Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, waraka uliosema kwamba zipo sababu za kutumaini wokovu wa watoto waliokufa kabla ya ubatizo. Na katika Uislamu, ingawa wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuoshwa na kuswaliwa kwa mimba iliyotoka, wakitazama umri wake na dalili za uhai, yamepokewa katika mkusanyo wa Ibn Majah maneno kwamba mimba iliyoharibika itamvuta mama yake kwa kitovu mpaka Peponi, ikiwa alisubiri kwa kutaraji malipo kwa Mola wake.

Elimu ya tabibu nayo imeongeza ushahidi wake. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila mimba 10 zilizokwisha kujulikana, moja au mbili huharibika, na kwamba karibu nusu au zaidi ya zile zinazoharibika katika miezi mitatu ya mwanzo hutokana na kasoro za kromosomu, yaani hitilafu iliyokuwamo tangu siku kiumbe kilipotungwa, ambayo mama hakuwa na uwezo wa kuizuia. Nyingine hutokana na malaria, na maambukizo, na maradhi yanayoweza kutibiwa, ndiyo maana mama mwenye kutokwa na damu nyingi, au mwenye homa, au mwenye maumivu yasiyotulia, hana budi kupelekwa kwa mganga wa hospitali kabla ya jambo lolote jingine. Lakini kuitafuta sababu katika kijicho cha jirani, au katika ndoo moja aliyoiinua, au katika neno baya alilowahi kutamka, ni kumtwika mfiwa mzigo usio wake.

Basi ikiwa elimu imemvua lawama na dini imempa tumaini, kwa nini mama yule bado hulia usiku? Ni kwa sababu msiba wake haukumpata akilini peke yake. Ulimpata katika mwili, ambao pengine hutoa maziwa kwa mtoto asiyekuwapo, ambao ulikwisha kujipanga kwa safari ya miezi tisa na sasa haujui pa kurudi, na ambao hausomi waraka wala hausikilizi hoja. Aliyeumia mwilini hana budi kufarijiwa mwilini pia, kwa joto, kwa usingizi, kwa chakula kilicholetwa na mtu mwingine, na kwa kazi nyepesi ya mikono. Na mahali ambapo mambo hayo yote hukutana pasipo gharama wala ruhusa ya mkubwa yeyote ni nyumbani.

Watu wa Mbulu wanaijua thamani ya nyumba kuliko watu wa nchi za joto. Wazee wa Kiiraqw walijenga nyumba za paa la udongo, watu na mifugo wakalala ndani yake, joto la wanyama likawasaidia wenye nyumba kuupita usiku wa baridi. Na ingawa leo mabati yametapakaa kila kilima, baridi ya Juni na Julai ni ile ile, na moto wa jikoni ungali kiini cha maskani. Mama mwenye simanzi akikaa karibu na moto ule hupata sitara, nayo ni neema ambayo barabarani, sokoni na hata kanisani hawezi kuipata: aweza kulia bila kuutengeneza uso wake kwa ajili ya watu. Kisha zipo kazi ndogo za nyumba, kama kuuchochea moto, kuchemsha chai, kufagia uani, ambazo kila moja ina mwanzo na mwisho unaoonekana, ilhali huzuni yake haina mwanzo anaoweza kuueleza wala mwisho anaoweza kuuona. Kumaliza jambo moja dogo katika siku ambayo mambo yote yamevurugika ni ushindi wa kweli, na mwenye kuudharau hajapata kufiwa.

Nje ya mlango ipo bustani. Simaanishi maua ya kupambia, ingawa nayo yana haki yake; namaanisha kile kipande cha ardhi kilicho nyuma ya jiko, ambacho hupata majivu na maji ya kuoshea vyombo, palipo na kabichi, na mnavu, na majani ya maboga, na pengine tuta la vitunguu saumu ambavyo Mbulu imejulikana navyo masokoni. Kipande hiki kina fadhila tatu kwa mfiwa. Ya kwanza, humpa kazi isiyotaka maneno, na katika siku za mwanzo maneno ndiyo yanayochosha kupita kazi. Ya pili, humrudishia wakati: aliyekuwa akihesabu miezi ya ujauzito amenyang'anywa hesabu yake, na kila kesho imekuwa sawa na jana, lakini mboga iliyomwagiliwa leo itataka maji tena, na palipopaliliwa juma hili patatazamwa juma lijalo, hata siku zikaanza tena kuwa na majina. Ya tatu, humpa mahali. Msiba huu hauna kaburi la kuzuru, na mama apendaye kupanda mti mmoja ubavuni mwa nyumba, awe ameueleza mtu maana yake au asiwe ameueleza, amejipatia mahali pa kusimama akakumbuka, na hapana dini miongoni mwa hizo nilizozitaja inayoona dhambi katika kumbukumbu.

Hapa nataka kuyakataa maneno ambayo watu wema huyatamka kwa haraka. Husema kwamba mimba ni kama mbegu, na mkulima ambaye mbegu yake haikuota hupanda nyingine. Maneno haya hayafariji. Mkulima haombolezi punje, kwa kuwa punje moja ni sawa na punje nyingine. Mama alimwombea huyu aliyeondoka, na mwingine akija, kwa majaliwa ya Mungu, atakuwa mwingine. Fadhila ya bustani haimo katika kumfundisha mfiwa somo juu ya msiba wake, bali katika kumwacha bila somo lolote, akiwa na udongo mikononi na jua mgongoni, mpaka moyo wake wenyewe utakapokuwa tayari kufikiri.

Wala bustani isichanganywe na shamba. Wanawake wa Mbulu na Hanang hawana upungufu wa kazi ya ardhi. Wao ndio wanaopalilia mahindi na maharage, ndio wanaobeba kuni na maji, na mavuno ya nyumba hutegemea mikono yao. Kumwambia mwanamke aliyetoka kuharibikiwa na mimba kwamba udongo utamponya, kisha kumpeleka katika ekari za mahindi jua likiwaka, ni kuipa taabu ya zamani jina zuri. Shamba lina deni, na msimu usiongoja, na midomo inayosubiri kulishwa. Bustani ninayoisifu haimdai kitu, naye huingia apendapo na kutoka achokapo. Anayetaka faraja hii imfae mkewe au mkwewe, kwanza amwondolee jembe la shamba.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo hutoka katika nchi hiyo hiyo. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, na kutoka katika mlima Hanang yakaporomoka matope, mawe na magogo, yakazifunika nyumba na mashamba ya Katesh na Gendabi, na watu zaidi ya 80 wakafa. Ardhi ile iliyowalisha ndiyo iliyowafunika, na nyumba walizokimbilia ndizo zilizowaangukia. Je, baada ya hayo mtu aweza kusema bado kwamba katika udongo na katika nyumba mna faraja? Wazee wa Kiiraqw wasingeshangazwa na swali hili, kwani hawakuwahi kuamini kwamba ardhi ni njema. Wema waliuweka juu kwa Looa, na hofu wakaiweka katika chemchemi. Nami nakubali kwamba aliyejenga tumaini lake juu ya upole wa ardhi amejenga vibaya. Ardhi haina huruma wala chuki. Faraja ninayoitetea haitoki katika tabia ya udongo, bali katika amri aliyopewa binadamu ya kuutunza, amri ambayo haikufutwa na msiba wowote.

Ushahidi wa amri hiyo umo katika vitabu vinavyoheshimiwa na watu wa Mbulu na Hanang. Nabii Yeremia aliwaandikia barua Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli, watu waliokuwa wamepoteza kila walichokitumaini, naye hakuwaambia wasahau, wala hakuwaahidi kwamba watarudi kesho. Aliwaagiza wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, na ahadi ya kurudi akaiweka mbele, baada ya miaka 70. Waislamu nao wamepokea kutoka kwa Mtume wao agizo kwamba mtu akifikiwa na Kiyama hali mkononi ana mche, na akaweza kuupanda, basi aupande. Mafundisho yote mawili yanakubaliana kwamba kujenga na kupanda katika wakati wa giza ni utii, na kwamba utii huo hautakiwi kungoja mpaka moyo uridhike. Kwa hiyo mama anayeinama katika tuta lake la mboga, akiwa hana nguvu ya kusali kwa maneno, hajamkimbia Mungu wake. Anafanya lile dogo ambalo bado anaweza kulifanya kwa amana aliyopewa, na subira ya wacha Mungu haikuwa kamwe kukaa bila kutikisika.

Lakini faraja hii ina sharti, na desturi ya metimani imetufundisha sharti lenyewe kwa upande wa makosa yake. Nyumba ile ile, na ua ule ule, vilimfariji au vilimtesa mwanamke kwa kadiri majirani walivyomtazama. Akikaa ndani kwa kuwa anaogopwa, kuta humkumbusha aibu. Akikaa ndani kwa kuwa anaheshimiwa, na watu wanakuja mlangoni kwa taratibu, kuta zile zile humkumbusha kwamba analindwa. Tofauti haimo katika matofali, imo katika nyayo za wajao.

Ndiyo maana neno langu la mwisho nalielekeza kwa walio karibu naye kabla ya yeye mwenyewe. Wewe mume, ambaye nawe umefiwa ingawa hapana aliyekupa pole, usiikimbie nyumba kwa kuwa ina kilio. Kaa humo, teka maji, pasua kuni, na ukishindwa kusema usiseme. Wewe mama mkwe, na wewe jirani, nenda na unga au maziwa, umpe pole ya msiba kama unavyompa mfiwa mwingine yeyote, ushike jembe dogo umsaidie kupalilia tuta moja, kisha uondoke kabla hajachoka. Usimwulize atashika mimba lini, wala usimhesabie watoto alio nao. Wewe mchungaji, padre na shehe, ambaye huwaombea marehemu kwa majina yao, mkumbuke pia asiyekuwa na jina, na umtangaze mama yake hana hatia mbele ya watu wote. Na wewe mama, ambaye umefikwa na msiba huu, huzuni yako ni ya haki, muda wako wa kukaa nyumbani ni wa haki, na hapana mtu mwenye mamlaka ya kukuambia umekwisha.